Naomba ushauri: je, naweza kuandika kwamba dondoo hili la mizizi ni salama kwa ini?

Mzizimkavu: Ndugu wanajukwaa, Ijumaa natakiwa kukabidhi tasnifu na usingizi umenipotea. Niliwanywesha panya wa maabara dondoo la mizizi kwa siku 28, makundi manne ya panya kumi kumi: moja la maji matupu, mengine dozi za miligramu 250, 500 na 1,000 kwa kila kilo ya uzito. ALT (kimeng'enya kinachovujia kwenye damu seli za ini zikiumia) na bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huiondoa kwenye damu) hazikutofautiana na za kundi la maji, ila AST, kimeng'enya kingine kinachopimwa kuchunguza ini, ya dozi kubwa ilipanda kidogo. Jedwali nimeliambatisha. Je, nikiandika kwamba ni salama kwa ini nitakuwa nimekosea?

Hadubini: AST peke yake isikutishe, kwani hutoka pia kwenye misuli na chembe nyekundu za damu. Katika utafiti wangu nilivuta damu kwa pupa, chembe zikapasuka, AST ikaruka, nami nikapoteza wiki mbili nikililaumu ini lisilo na kosa.

Tabibu Asilia: Mimi ningeanza na dozi. Miligramu 1,000 za panya si 1,000 za binadamu. Ili kupata dozi inayolingana ya binadamu hugawanywa kwa takribani 6.2, yaani kama 160 kwa kila kilo, na mtu anayekunywa dawa ya mizizi bila kipimo anaweza kuvuka hapo.

Binti Maabara: Ndugu Mzizimkavu, makundi manne ya panya kumi ni panya 40, lakini jedwali lako lina 38. Wawili wa dozi kubwa wako wapi?

Mzizimkavu: Walikufa wiki ya tatu. Sikuwa na nia mbaya. Mrija wa kulishia ukikosea njia, dawa huingia mapafuni, nami nilikuwa bado najifunza kuushika; ndiyo maana niliwatoa, na sura ya hitimisho nimeshaiandika.

Bibi Mwarobaini: Mwanangu, dawa hiyo watakuja kuinywa watu. Mwaka 1993 fialuridini, dawa ya homa ya ini iliyokuwa imevuka majaribio ya wanyama, ilipewa wagonjwa 15; saba maini yao yalishindwa kufanya kazi, na watano kati yao wakafa. Ikiwa wanyama waliosalimika waliweza kutupoteza kiasi hicho, wewe unawaondoaje waliokufa?

Mkaguzi: Kisa hiki kimetungwa. Mwongozo namba 407 wa OECD (shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima sumu), unaohusu majaribio ya siku 28 kama haya, unataka kila mnyama apasuliwe na kuchunguzwa, hata aliyekufa kabla ya siku ya mwisho. Mtafiti wa kweli angeanza kutueleza alichokiona ndani.

Mzizimkavu: Sijatunga. Wa kwanza nilimpasua, mapafu yake yalikuwa na majimaji yenye rangi ya dondoo. Wa pili nilimkuta asubuhi ameanza kuharibika. Ini lilikuwa limepauka, nikajiambia ni kuoza tu. Kipande chake kipo kwenye formalini, maji ya kuhifadhia viungo visioze, hadi leo; sijakipeleka kukatwa na kusomwa kwa hadubini.

Mkaguzi: Basi naliondoa neno langu. Hicho kipande ndicho ulichopaswa kutuulizia tangu mwanzo.

Binti Maabara: Kipeleke kesho pamoja na maini ya wanane waliobaki wa dozi kubwa na ya kundi la maji, na anayeyasoma asiambiwe lipi ni la kundi gani. ALT inaweza kutulia huku seli zikiwa zimeanza kuumia. Jedwali lirudi kuwa na 40, na kila kifo kiandikwe kama ulivyokikuta.

Mzizimkavu: Na Ijumaa?

Binti Maabara: Mpigie msimamizi wako usiku huu, kabla hajaisoma sura ya hitimisho.