Waha wa Kigoma tumechoka kuulizwa bibi zetu walizaliwa upande gani

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Binti yangu amerudishwa kwa mara ya tatu kwenye ofisi moja hapa Kigoma anakofuatilia kitambulisho. Cheti cha kuzaliwa anacho, barua ya mtendaji wa kijiji anayo. Juzi yule wa dirishani kamwambia, "Jina lako la Kirundi hili. Bibi yako kazaliwa upande gani?"

Upande gani! Bibi aliyemzaa baba yangu alizaliwa huo upande haujakuwepo.

Kigoma, Rwanda na Burundi zote zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Wabelgiji waliingia Kigoma na askari wa Kongo Julai 1916, Septemba wakamnyang'anya Mjerumani Tabora. Hata hawakuitaka sana nchi hii. Walitaka kitu cha kubadilishana, wapate ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo uliokuwa kwa Wareno. Mpango haukuiva. Ndipo tarehe 30 Mei 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakamalizana wawili: Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji, Kigoma na Tabora kwa Mwingereza. Mjerumani mwenyewe alikuwa hajatia saini mkataba wa amani wa Versailles, alitia mwezi uliofuata. Mwami wa Heru, mtawala wa Waha, nani alimuuliza?

Na mstari wenyewe haukutulia. Gisaka, eneo la mashariki ya Rwanda, ilikatwa kutoka Rwanda ili Mwingereza apitishe reli, mwami Musinga akalalamika, mwaka 1923 ikaamuliwa irudishwe. Bugufi iliyokuwa ya mwami wa Burundi haikurudi, leo iko Ngara. Kalamu inakwenda na kurudi, watu wako palepale wanapalilia mihogo.

Bandari yetu hapa mwisho wa reli nayo haikupona. Mkataba wa Machi 1921 ulimpa Mbelgiji eneo lake Kigoma na lingine Dar es Salaam, milele, kwa faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Mwalimu Nyerere aliukataa bungeni Novemba 1961: Mwingereza alikabidhiwa nchi kuiangalia tu, angeigawaje milele?

Mipaka hakuikataa. Kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Cairo, Julai 1964, Tanzania ndiyo iliyopeleka hoja kwamba nchi za Afrika ziheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru, tusije tukauana kwa kudaiana ardhi. Naunga mkono, aliyeona vita ya kugombea mji wa mpakani wa Badme kati ya Ethiopia na Eritrea ataelewa. Lakini ukiukubali mpaka, wakubali na watu uliowakuta ndani yake! Kiha na Kirundi vinasikilizana tangu kabla ya Mjerumani. Huwezi kushika ardhi ya Buhigwe na Kasulu kwa mkataba wa 1919, halafu mwenye jina la Kiha umfanye mgeni.

Ndugu zangu wa Manyovu, Kibondo na Kakonko, aliyefanikiwa kuvuka hilo dirisha alionyesha karatasi gani? Binti anatakiwa chuoni mwezi ujao, na Jumatatu naenda naye mwenyewe.