Mtu anacheza SABA NA MBILI halafu ananiuliza "Hivi nimeshinda?"

Mbana Karata:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Kuna kiumbe hapa Mwanza mjini hafai kukaribishwa kwenye meza yoyote yenye karata. Simtaji. Wa Kirumba mnamjua, wa Pasiansi mnamjua, hata sangara wa Mwaloni wanamjua.

Jana usiku, Texas hold'em ya visoda, ile poka ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani, kila kisoda jero. Toka magharibi natupa tu. Kingi na nne, tupa. Kwini na sita, tupa. Nimetupa mpaka mwenye nyumba akauliza nimekuja kucheza au kulinda geti. Nikamwambia tulia, poka ya kubana ndiyo hii. Hatimaye: ree ya shupaza, ree ya kopa. Damu ikachemka, uso nikauweka wa msibani.

Napandisha dau. Wenye akili wakatupa. Yeye? Akafuata. Hata kiasi hakuangalia, alikuwa anachokoa mwiba wa sato kwenye jino.

Flopu, zile tatu za kwanza mezani: saba, kingi, nne. Dau nono. Akafuata. Ya nne ikaanguka tisa. Nikasukuma visoda vyote. AKAFUATA!!! Tukafunua: saba na mbili, tena rangi tofauti. Hakuna karata mbovu kuliko hizo za kuanzia poka. Zimebaki 44 hatuzijui, za kumwokoa ni tano tu: saba mbili na mbili tatu (soma taratibu).

Riva, karata ya mwisho: MBILI.

Hapo bado sijaumia. Nimeumia alipotazama meza, akanitazama mimi, akasema, "Hivi nimeshinda?"

HIVI NIMESHINDA! Anamuuliza aliyeliwa! Ikabidi watu wamhesabie jozi zake mbili dhidi ya yangu moja kwa kidole ndipo acheke. Wakuu, ningeibiwa pikipiki ningelala usingizi.

Dagaa Mkavu:
Ngoja waje wataalamu. Mimi nipo na kikombe changu.

Jiwe Juu ya Jiwe:
Ree mbili mkononi huja wastani mara moja kila migao 221. Umezisubiri toka magharibi, zimekuja, zimeliwa na galasa. 😂😂 Mkuu, hamia drafti.

Mbana Karata:
Kuliwa nakubali, karata ndivyo zilivyo. Lakini "hivi nimeshinda"??

Shangazi wa Igoma:
Mwanangu, yule ni mtu wa albastini. Kule saba ina pointi kumi, kwenye rangi yake inaliwa na ree tu. Kaiona saba yake kajua ana mali. Wa kulaumiwa ni aliyemwalika.

Chai ya Rangi:
Mleta mada, anayefuata kila kitu ndiye mteja wako. Usimzuge hata siku moja, mtu asiyejua ana nini hatishiki. Ukiwa nazo mpandishie bila huruma, ukiwa huna tupa. Utaliwa leo, ila kwa muda mrefu anakulipa yeye. Shida ni meza nzima ikiwa ya hivyo: wakikufuata watano, hizo ree zinashinda kama nusu tu ya mara.

Mbana Karata:
Watano wapi? Alikuwa PEKE YAKE! Peke yake na mwiba wake!

Kijana wa Nyegezi:
Huyu mleta mada namjua, nimekaa naye. Akipandisha dau, meza nzima inatupa karata na kwenda kununua vocha. Bila huyo jamaa wa mwiba angezeeka na ree zake bila kulipwa hata kisoda. Amshukuru.

Mbana Karata:
Nimshukuru? Hakujua hata kashinda!!

Mzee wa Shupaza:
Afadhali wenu ana mwiba. Wetu anakula sato kwa mkono, hanawi, halafu anadai zamu yake kuchanganya. Kopa zote zimegandana. Ree ya uru inanukia ndimu, unaijua hata ikiwa imefunikwa.

Jiwe Juu ya Jiwe:
Hiyo si kero, hiyo ni faida. 😂

Dagaa Mkavu:
Kwenye drafti ndio kuna wachawi. Kuna mmoja akizidiwa tu simu "inaita", anainuka kwa haraka, goti linagonga ubao, kete chini. Kila akizidiwa. Na simu yenyewe haina chaji.

Shangazi wa Igoma:
Huyo wa goti ana deni langu la maandazi.

Kijana wa Nyegezi:
Na langu la vocha!

Chai ya Rangi:
Mmenikumbusha sato. Wa kilo wanauzwaje leo? Nina wageni kutoka Geita, kesho asubuhi wanavuka daraja.

Mzee wa Shupaza:
Wahi alfajiri. Ukichelewa utauziwa wa jana aliyemwagiwa maji.

Mbana Karata:
Wakuu, turudi kwenye mada basi.

Chai ya Rangi:
Subiri kwanza mkuu. Mzee, wa kuchoma au wa mchuzi?