Maktaba ya lojiki fazi imeniulia mayai 88, na maelezo yake yanafundisha bahshishi tu

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mashine yangu ya kutotolesha vifaranga inaendeshwa na kompyuta ndogo yenye programu ya Python, inayotumia maktaba (msimbo uliotayarishwa na wengine) ya lojiki fazi kuamua hita iwake kwa kiasi gani. Lojiki fazi ni kanuni kama "joto likiwa baridi, hita iwe kubwa", ambapo joto linaweza kuwa "baridi" kwa kiasi fulani tu, kuanzia sifuri hadi moja. Nilichora pembetatu tatu za joto, kila moja kwa namba tatu, inapoanzia sifuri, kileleni na inaporudi sifuri: "baridi" 30, 33, 36, "sawa" 36.5, 37.5, 38.5, "kali" 38, 40, 42. Mwenye jicho ameshaona shimo kati ya 36 na 36.5. Mimi sikuliona, na maktaba ikapokea yote kimya, bila onyo hata moja.

Siku 17 joto halikuwahi kushuka hadi hapo. Usiku wa 18 umeme ukakatika, ukarudi saa nane joto likiwa 35. Likapanda, likafika 36.2, hakuna kanuni iliyoitika, programu ikafa, rilei, yaani swichi ya hita, ikabaki imewashwa. Asubuhi nimekuta nyuzi 43.

Na kwenye logi? Eti jina "hita" halipatikani. Nimetafuta kosa la tahajia saa nzima, kumbe hakuna jibu lililokokotolewa!

Msiniambie niweke thermostati ya akiba, nimeshaweka baada ya hasara hii. Deni la maktaba liko palepale.

Kinachoniudhi zaidi ni mifano yao. Kila mahali bahshishi ya mhudumu wa mgahawa: alama za chakula 0 hadi 10, huduma 0 hadi 10, bahshishi 0 hadi 25. Ukichora "ndogo" kwa 0, 0, 13 na kutafuta jibu kwa kitovu cha umbo (nukta ambapo umbo lote lingesimama sawasawa), jibu halishuki chini ya 4.3. Kwa bahshishi nani atajali? Hita yangu ni asilimia 0 hadi 100, "ndogo" nimeiweka 0, 0, 50, na haikushuka chini ya 16.7. Haizimi! Hesabu haina kosa, kitovu cha pembetatu hiyo kiko hapo. Lakini sentensi moja tu kwenye maelezo ingeniokoa wiki mbili za kulaumu rilei.

Inaniuma kwa sababu njia hii ya kanuni fazi ina jina la mhandisi Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1942. Mwaka 1975 yeye na mwanafunzi wake Assilian walichapisha jaribio lao la London la kuendesha injini ya mvuke, shinikizo la boila likiamua moto uongezwe au upunguzwe. Moto wa kweli! Leo tunafundishwa kwa bili ya mgahawa.

Ninachodai ni kidogo. Mfumo unapojengwa, maktaba ipitie kila thamani ya joto. Ikikuta pembetatu zote zinatoa sifuri, ikatae kuendelea na itaje namba hiyo. Nimeandika ukaguzi huo kwa mistari mitano, ukataja 36 hadi 36.5 papo hapo. Nikawatumia watunzaji wa maktaba. Wamelifunga ombi, wakasema mtumiaji achore vizuri.

Nani anatumia maktaba inayokagua mashimo kabla ya kuanza? Mayai mapya yanaingia Jumamosi.