Naomba ushauri: mkate wa kumimina unabaki uji katikati

Shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi. Mimi ni mtu wa kujaribujaribu jikoni. Nikionja kitu kwa jirani, kesho lazima nikipike. Visheti nimeviweza, kachori nimeziweza (mara ya tatu, zile mbili za kwanza msiniulize). Sasa nimekwama kwenye mkate wa kumimina.

Mchele vikombe 2 niliuloweka usiku kucha, asubuhi nikausaga kwenye blenda na tui zito kikombe 1 na nusu, iliki na hamira kijiko 1 cha chai. Ukaumuka hadi ukataka kumwagika. Ndipo nikatia sukari nusu kikombe na ute wa yai 1, nikakoroga sana, nikamimina kwenye sufuria niliyoipaka mafuta. Oveni sina, kwa hiyo makaa chini, makaa juu ya mfuniko.

Basi bwana, chini uliungua, juu rangi ya kupigia picha, katikati uji mtupu. Vile vitundu vya ndani havikuonekana kabisa. Mume wangu alikula kimya, na yule si mtu wa kunyamaza.

Je, tui lilizidi, au kule kukoroga baada ya kuumuka ndiko kulikoua hamira? Na makaa ya chini niyapunguze kiasi gani? Mchele ninaotumia ni wa Mbeya, huu huu wa kupikia wali. Kama ndio wenye kosa, niambieni ninunue upi. Ijumaa nina wageni.