Naomba ushauri: 641 na namba 4,294,967,297

Wakubwa shikamooni, na wenzangu salaam. Nafundisha hisabati kidato cha tatu hapa Tanga, na tumekwama kwenye 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukijumlisha 1, ambayo Fermat aliidhania kuwa namba tasa hadi Euler alipoonyesha mwaka 1732 kuwa ni 641 × 6,700,417. Kugawanya kwa mkono tumegawanya, na hakuna baki. Wanafunzi sasa wanauliza, na wana haki kabisa, 641 ilipatikanaje. Najua kwamba kila kigawo tasa cha namba hii huzidi kigawe cha 64 kwa 1, lakini uthibitisho nilionao unategemea hesabu za masalio, ambazo hawajazisoma. Je, unaweza kuelezwa kwa vipeo na kugawanya tu?