Ushauri: wanafunzi wa uhandisi na mama wa dagaa

Mwl_Ilemela:
Wakuu habari zenu. Nafundisha uhandisi mitambo hapa Mwanza. Vijana wangu wa mwaka wa tatu wanabuni kikaushio cha dagaa cha nguvu ya jua. Hesabu za joto na hewa wanaziweza. Walienda mwaloni Igombe, wavuvi wanakoshusha dagaa, na dodoso: "Je, ungependa mashine ya kukaushia dagaa?" Wote wakajibu ndiyo, nao wamerudi wakisema utafiti umekamilika! Mama gani atamkatalia mtoto wa watu aliyemjia kwa adabu? Nataka wamwelewe mtumiaji kwanza, ndipo wachore. Nifundisheje, na alama nitoeje?

Binti_wa_Mwaloni:
Shikamoo mwalimu. Dagaa ndio walionisomesha. Waende kipindi cha giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, hawataona kazi yoyote. Wafike alfajiri, wabebe ndoo, waanike na kugeuza pamoja na akina mama. Wingu likitanda ziwani, mama anakusanya dagaa wote mbiombio, pengine ana mtoto mgongoni. Kikaushio chenye trei zinazopita kichwa chake na milango ya komeo atakifungua saa ngapi? Wamuulize, "Mvua ya juzi ilipokukuta ulifanyaje?" Hapo ndipo atasema, mpaka habari za marejesho ya kikoba.

Fundi_Nyakato:
Sawa, ila muhula ni mfupi. Na mashine isiyokausha haitamsaidia hata kama imebuniwa kwa upendo. Hesabu zisipunguzwe.

Mama_Michoro:
Fundi, hesabu zibaki. Mbunifu Mmarekani Patricia Moore, kati ya 1979 na 1982, alijigeuza bibi kizee: miwani ya kufifisha macho, masikio kazibwa, viungo kavifunga visikunjike. Akatembea hivyo miji ya Marekani na Kanada kuona vitu vinavyomshinda mzee. Hiyo nayo ni kazi ya kitaalamu. Mwalimu, toa alama kwa kile kilichobadilika kwenye mchoro baada ya kwenda mwaloni, na kila badiliko litajwe limetokana na nini. Kisha waunde mfano wa maboksi na mbao chakavu, akina mama waujaribu vijana wakiwa kimya.

Mwl_Ilemela:
Asanteni sana. Kuchora kunasubiri giza lijalo. Binti, mama yako atakubali kukaa na sisi siku ya kutoa alama?

Binti_wa_Mwaloni:
Atakubali, mwalimu. Ila mlipeni siku hiyo. Akiwaacha dagaa wake juani aje kuwasikiliza, hasara ni yake.