Mwenza asiyebeba mimba naye anataka kunyonyesha: aanze lini, afanyeje?

mama_mtarajiwa

Habari zenu dada zangu. Sisi ni mama wawili. Mwenzangu ana mimba ya wiki 18, mimi sijawahi kubeba, na tungependa mtoto anyonye kwetu sote. Zimebaki wiki 22 hivi. Je, nimeshachelewa? Nikamue mara ngapi kwa siku, na dawa ni lazima? Na lililo zito kwangu kuliko yote: nikimnyonyesha mimi, maziwa ya mwenzangu hayatapungua? Tuna mashine moja ya umeme, ile ya kukamua matiti yote mawili kwa pamoja.

tone_kwa_tone

Hujachelewa, dada. Ila naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalovuruga mipango ya wengi, na kwa kawaida huulizwa maziwa yakiwa yameshapungua.

Matiti ya mama mmoja hayana habari na ya mama mwingine. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyotolewa. Likikaa limejaa, seli zake hupunguza kazi; likitolewa mara kwa mara, huongeza. Wiki 4 hadi 6 za kwanza baada ya kujifungua ndizo zinazojenga kiwango ambacho mwenzako atakwenda nacho miezi yote inayofuata. Kwa hiyo kila mtoto anaponyonya kwako, mwenzako akamue wakati huohuo, au asichelewe zaidi ya nusu saa. Akiamua kupumzika kwa kuwa mtoto ameshashiba, mara tatu kwa siku, haitachukua muda maziwa yake yatashuka, na yako bado hayajafika pa kuziba pengo. Hapo mtoto ana mama wawili na maziwa haba.

Kwa hiyo mashine moja haiwatoshi. Mashine nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa mtumiaji mmoja, maana maziwa huweza kupenya kwenye mipira hadi kwenye mota, mahali pasipooshwa. Tafuteni ya pili, au mkodi ile ya hospitali iliyotengenezwa kutumiwa na watu wengi, kila mmoja akiwa na vikombe (vile vinavyokaa juu ya chuchu), mipira na chupa zake.

Siku 3 au 4 za kwanza mwache mwenzako anyonyeshe peke yake. Dang'a itatoka kwake tu. Maziwa yaliyoanzishwa bila mimba hayapiti hatua hiyo. Isitoshe, kondo la nyuma likishatoka, projesteroni, homoni ya mimba, hushuka ghafla, na mshuko huo ndio unaofungulia maziwa mengi kati ya siku ya 2 na ya 5. Mtoto akinyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24 katika kipindi hicho, anaweka msingi. Wewe endelea na mashine, na mbebe kifuani ngozi kwa ngozi muda wote asionyonya.

Kukamua sasa. Anza wiki 6 kabla ya tarehe ya matarajio, kila baada ya saa 3, dakika 15 hadi 20, matiti yote mawili kwa pamoja. Zamu moja iwe kati ya saa 7 usiku na saa 11 alfajiri, kwa sababu prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, hupanda usiku. Siku za mwanzo huenda usione hata tone. Usiongeze mvuto wa mashine kwa sababu hiyo! Maumivu huzuia oksitosini, homoni inayosukuma maziwa yatoke, na bila oksitosini hata maziwa yaliyopo hayashuki. Pima kipenyo cha chuchu kwa milimita (chuchu yenyewe, si duara jeusi linaloizunguka), kisha chagua kikombe kinacholingana nacho au kilichozidi kwa milimita 1 hadi 3. Kikubwa mno huvuta ngozi ya pembeni na kuivimbisha. Kidogo mno huchubua. Ukimaliza na mashine, kamua kwa mkono dakika 2 au 3 zaidi. Matone ya kwanza mara nyingi hutokea hapo, kwenye mkono.

famasia_ya_zamu

Naongeza upande wa dawa, nawe uyapeleke haya kwa daktari kabla hujameza chochote.

Dawa si lazima. Lakini tezi za maziwa hukomaa wakati wa mimba, na kwa asiyewahi kubeba, kukamua peke yake kwa kawaida huleta kiasi kidogo. Utaratibu unaotumiwa sana ni wa Newman na Goldfarb, wataalamu wa unyonyeshaji wa Kanada. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na projesteroni humezwa mfululizo, bila wiki ya mapumziko, ili mwili uishi kama una mimba, pamoja na domperidoni ya kupandisha prolaktini. Wiki 6 kabla ya mtoto, vidonge vya uzazi wa mpango huachwa, domperidoni inaendelea, na mashine inaanza. Kule kuviacha ndiko kunakoiga kutoka kwa kondo alikoeleza tone_kwa_tone. Toleo kamili huanza miezi 6 kabla. Kwa wiki zako 22 unapata karibu wiki 16 za vidonge na 6 za kukamua, nazo ni za kutosha kujaribu.

Estrojeni haifai kwa aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mwangaza au mistari, mwenye shinikizo la juu la damu, aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au mvutaji sigara aliyepita miaka 35. Kama umo kwenye kundi lolote kati ya hayo, sema mapema.

Domperidoni inataka uangalifu zaidi. Ni dawa ya kichefuchefu. Kupandisha maziwa ni athari yake ya pembeni. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2004 dhidi ya kuitumia kuongeza maziwa, na ya Ulaya mwaka 2014 iliweka kikomo cha 30 mg kwa siku, kwa muda mfupi. Utaratibu huu hufika 80 mg kwa siku, kwa miezi. Pengo hilo ni kubwa, na ndiyo maana daktari anapaswa kukupima umeme wa moyo kwanza na kuuliza historia ya moyo katika ukoo. Usiichanganye na erithromaisini, klarithromaisini wala ketokonazoli, na ukiandikiwa dawa nyingine yoyote, taja kwamba uko kwenye domperidoni. Usiiache ghafla pia: wako walioishia na wasiwasi mkali na kukosa usingizi. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa mfano 10 mg kila wiki.

Metoklopramidi, dawa nyingine ya kichefuchefu, ukipewa badala yake, uliza mara mbili, kwa sababu hufika kwenye ubongo na huweza kuleta huzuni nzito.

Uwatu husifiwa sana, ila ushahidi wake ni mdogo, hushusha sukari ya damu, na haupatani na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Na vipimo vya damu: mwenzako atapimwa kliniki kwa sababu ya mimba, wewe hakuna atakayekukumbuka. Jipeleke mwenyewe ukapimwe VVU, homa ya ini B na kaswende, miezi kadhaa kabla, kwa sababu VVU hupita kwenye maziwa yako sawasawa na ya mama aliyejifungua.

mizani_ya_mtoto

Mimi nakuomba ujifunze mpira wa kulishia titini. Maziwa yako huenda yasifikie mahitaji yote ya mtoto, na hilo halikuzuii kumnyonyesha.

Ni mrija mwembamba. Ncha moja iko kwenye chupa ya maziwa aliyokamua mwenzako (au ya kopo), nyingine inabandikwa kwa plasta laini kwenye titi, ikifika mwisho wa chuchu au kuizidi kidogo sana. Ikizidi sana humchoma mtoto kaakaa, naye anaachia. Mtoto anapopanua mdomo, hakikisha amebeba titi na mrija kwa pamoja, asije akaufyonza mrija kama wa soda. Chupa ikiwa usawa wa chuchu maziwa huja taratibu. Ukiiinua juu yanamwagika kooni anapaliwa. Baada ya kila mlo pitisha maji baridi kwanza, kisha ya moto yenye sabuni, kisha suuza. Maziwa yakikauka ndani ya mrija, tupa, hautasafishika.

Utajuaje anashiba? Si kwa kulia wala kwa muda aliokaa titini. Kuanzia siku ya 5 au ya 6, nepi zenye mkojo 6 au zaidi kwa saa 24. Kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida, ila kukikaribia asilimia 10 nendeni akaangaliwe. Aurudie uzito wa kuzaliwa kufikia siku ya 14, kisha aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mpimeni kwenye mizani ileile, bila nguo.

mama_mtarajiwa

Asanteni sana, nimeyaandika yote. Bado usiku. Kama kila ninaponyonyesha mimi yeye anakamua, si tutakuwa macho wote wawili kila mara?

tone_kwa_tone

Wiki za kwanza, ndiyo, karibu kila mara, na ni vizuri mjue mapema ili mpange nani mwingine atapika na kufua. Baada ya wiki 6, maziwa yake yakiwa yametulia, jaribuni hivi: yeye anyonyeshe au akamue mara ya mwisho saa 3 usiku na kulala hadi saa 8, mlo wa katikati ni wako, na mpira wa kulishia ukiwa karibu. Saa 5 mfululizo za usingizi. Akiamka titi likiwa limekaza kama jiwe au lina sehemu nyekundu yenye joto, saa 5 ni nyingi kwake, rudini kwenye 4. Na wewe usiruke zamu yako ya kabla ya alfajiri.

Maziwa aliyokamua hukaa saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji, na miezi 6 kwenye friza. Yakiyeyushwa yatumike ndani ya saa 24, hayarudi kwenye barafu. Andikeni tarehe kwenye kila chupa, na jina la aliyekamua pia: mmoja wenu akianzishiwa dawa, mtahitaji kujua zipi za kutenga.